“Yanatuhusu Nini?”: Hotuba Niliyoitoa Morogoro

Wengi walioshindwa kufika wameniomba niiweke hotuba hii yote. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha nilizozionyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wangu, hamjambo? Walimu wenzangu, poleni na kazi. Nawashukuru mliokuja, maana mvua ya leo ilikuwa sababu tosha ya kubaki nyumbani.

Nitaanza na swali ambalo si langu. Nililisikia nikiwa mtoto, nyumbani kwetu Mlandege, Iringa, likaulizwa na bibi yangu mzaa baba. Baba alikuwa utingo wa lori la mafuta. Wakubwa mnakumbuka, vijana mtaniamini: barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma wakati ule ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika, na malori yaliyobeba mapipa ya petroli na dizeli yalikuwa yakianguka kila wiki. Ilipewa jina la Njia ya Jehanamu.

Kwa nini mapipa yale? Kwa sababu tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na serikali yake ya Wazungu wachache walijitangazia uhuru kule Rhodesia, nchi tunayoiita leo Zimbabwe, ili wasije wakagawana kura na Waafrika walio wengi. Dunia ikaiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta. Lakini Zambia haina bahari, na mafuta yake yalikuwa yanapita huko huko Rhodesia. Smith akafunga bomba. Wazambia wakabaki gizani kwa kosa lisilo lao. Njia iliyobaki ilikuwa hii yetu, ya kupanda mlima Kitonga.

Usiku mmoja baba alirudi mkono umefungwa shuka. Pipa lilikuwa limemponda vidole viwili kwenye mteremko. Bibi alipomaliza kulia akamuuliza, “Mwanangu, huyo Smith anakaa wapi?” Baba akasema, Rhodesia. “Ni hapa karibu?” Hapana mama, ni ng’ambo ya Zambia. Bibi akanyamaza kidogo, halafu akasema: “Sasa sisi yanatuhusu nini?”

Yanatuhusu nini? Ndugu zangu, swali hilo limekaa nami karibu miaka sitini, na ndilo ninalotaka tulitazame jioni hii. Taifa linapoona watu wa taifa jingine wanaonewa, wanafungwa, wanauawa, yanalihusu nini? Sisi Waswahili tuna jibu mdomoni la upande mmoja: ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Na tuna jibu la upande wa pili: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Misemo yote miwili ni yetu. Nchi yetu imewahi kuishi kwa huo wa pili, na ikalipa.

Nasema ikalipa. Hapo ndipo ninapotaka tukae kwanza.

Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa mwanzoni mwa Desemba 1965. Wakaazimia: Uingereza isipokuwa imemzima Smith ifikapo tarehe 15 ya mwezi ule, nchi zote za Afrika zitavunja uhusiano nayo wa kibalozi. Azimio likapita kwa kishindo. Tarehe 15 ikafika. Smith yuko pale pale. Zilizotimiza neno lake hazikufika hata kumi. Tanzania ilikuwa mojawapo, na ilikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Madola, na ilikuwa inasubiri mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka huko huko Uingereza. Mkopo ule ukazuiwa.

Hebu piga picha. Nchi ina miaka minne tu ya uhuru. Madaktari wenyewe unaweza kuwataja kwa majina. Shule za sekondari chache. Barabara kuu ya kusini ni tope. Halafu unaambiwa chagua: pauni milioni 7.5, au neno ulilolitoa mbele ya wenzako kuhusu Waafrika wa Rhodesia? Nani katika ukumbi huu angechagua neno? Mimi sina hakika ningechagua neno. Lakini walichagua neno.

Na tazama walichofanya baada ya hapo. Ndege za Waingereza zilizokuwa zinapeleka mafuta Zambia zikitokea Dar es Salaam ziliruhusiwa kuendelea, uhusiano ukiwa umevunjika. Kwa nini? Kwa sababu Mzambia hakuwa na ugomvi na sisi, na mafuta yalikuwa yake. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, likafika Ndola, mapipa yakapungua barabarani, na mwaka 1970 ujenzi wa reli ya TAZARA ukaanza, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Vitu hivi leo tunavitazama kama biashara. Vilianza kama jibu la swali la bibi.

Baba hakuwa mwanasiasa. Usiku ule hakutoa hotuba. Alimjibu mama yake maneno machache tu, nayakumbuka: “Mama, wenzetu hawana hata mafuta ya taa.” Baada ya wiki tatu akarudi barabarani na vidole vitatu.

Vijana, mnapokimbiza Mwenge mnajua maneno yake? Yalisemwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1959 kwenye Baraza la Kutunga Sheria, miaka miwili kabla ya uhuru. Alitaka mwenge uwekwe juu ya Kilimanjaro ili umulike nje ya mipaka yetu. Nje! Mtu hajapata nchi, tayari anafikiria watu wa nje ya nchi. Mwalimu wa Uraia aliyefundisha maneno yale miaka thelathini, mimi huyu, nakiri kwamba mara nyingi niliyafundisha kama shairi. Yalikuwa sera. Mwezi mmoja tu baada ya uhuru, Januari 1962, Nelson Mandela aliingia Tanganyika kupitia Mbeya bila pasipoti. Serikali changa ikampa karatasi ya kusafiria iliyosema kwamba mtu huyu ana ruhusa ya kutoka Tanganyika na kurudi. Nchi yake ilimkatalia haki ya kutembea, nchi nyingine ikampa. Mwaka ule ule FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Afrika ikaweka makao yake Dar es Salaam, ikakaa mpaka 1994, kazi ilipokwisha, na kwa zaidi ya miaka ishirini ya hiyo aliyeishikilia ni Hashim Mbita. Tarehe 3 Februari 1969 kifurushi chenye bomu kilimuua Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, katika jiji letu wenyewe. Wanaokwambia kwamba kuwasaidia wengine hakuna hatari hawajawahi kuulizia ndugu zetu wa Mtwara na Ruvuma walivyoishi miaka ile, Mreno akiwa ng’ambo ya mto Ruvuma, akiitawala Msumbiji.

Sasa niwarudishe hapa hapa Morogoro, maana hadithi ya pili iko kilomita chache kutoka mlipokaa.

Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Walipigwa risasi. Maelfu walikimbia nchi yao. Wengi walikuwa vijana wa umri wa hawa ninaowaona safu ya mbele, hawajamaliza shule. Unampokea mtoto kama huyo, unampa nini? Chama cha ANC kiliona wanahitaji shule. Serikali ikatoa shamba la mkonge lililoachwa, Mazimbu. Mkuu wa Mkoa wakati ule alikuwa Mama Anna Abdallah, na jina lake linatajwa kwa heshima Afrika Kusini mpaka leo kwa ajili ya ardhi ile. Shule ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na umri wa miaka 22.

Mimi nilikuwa nimehamia Morogoro, kijana, naanza ualimu. Shemeji yangu alikuwa anauza mchicha na nyanya kwa wapishi wa Mazimbu. Kulikuwa na binti mmoja wa Kizulu aliyekuwa anafuatana na wapishi kuja sokoni kujifunza Kiswahili. Akiita kila mwanamke “mama”, hata wa umri wake, na sokoni wakampenda kwa hilo. Siku habari za kunyongwa kwa Mahlangu zilipofika, alikuja sokoni kama kawaida, akachagua nyanya, akazilipia, akakaa chini kwenye gunia la shemeji na hakusema neno mpaka jua linazama. Shemeji akafunga genge lake akakaa naye. Hakumuuliza lolote. Usiku akaniambia, “Leo sikuuza kitu.” Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa anatoa hesabu ya siku.

Ndugu zangu, tukizungumza juu ya nchi kutetea haki za watu wa nje, tunafikiria mabalozi wenye tai. Nao wapo, na wana kazi yao. Salim Ahmed Salim aliongoza kwa miaka mingi kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni, na aliifanya vizuri. Lakini nchi ni pamoja na utingo wa Kitonga na genge lililofungwa mapema. Serikali isingeweza kuamua yale yote kama wananchi wangekuwa wanauliza kila asubuhi, “Yanatuhusu nini?” na kukosa jibu.

Sasa nawaomba tutoke Morogoro twende mahakamani, maana swali la bibi limeulizwa pia na majaji, tena majaji wakubwa kuliko wote duniani.

Mwaka 1960 nchi mbili za Afrika, Ethiopia na Liberia, zilikwenda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague kuishtaki Afrika Kusini. Shauri lilikuwa juu ya Namibia, wakati ule ikiitwa Afrika Kusini Magharibi, ambayo Afrika Kusini ilikabidhiwa iilee kwa niaba ya dunia, nayo ikaifanya shamba la ubaguzi wa rangi. Kesi ikachukua miaka sita. Ushahidi ukasomwa, maelfu ya kurasa. Tarehe 18 Julai 1966 hukumu ikatoka. Majaji walikuwa saba kwa saba, na rais wa mahakama akapiga kura ya uamuzi. Mnajua walisema nini? Hawakusema ubaguzi ni halali. Hawakusema ubaguzi ni haramu. Walisema: Ethiopia na Liberia hamna maslahi yenu wenyewe katika jambo hili. Kwa lugha ya nyumbani kwetu Mlandege: yanawahusu nini?

Miaka sita, halafu yanawahusu nini!

SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, walikuwa na ofisi Dar es Salaam. Siku ile walitoa tamko kwamba sasa hawana njia iliyobaki isipokuwa silaha. Mwezi uliofuata, Agosti 26, vita vya ukombozi vya Namibia vikaanza pale Omugulugwombashe. Baadhi ya wapiganaji wao walikuwa wamepitia kambi ya wapigania uhuru ya Kongwa, Dodoma. Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi ya damu iko kati ya hukumu ile na bendera ile.

Sheria ilichelewa kujifunza, lakini ilijifunza, na aliyeifundisha safari hii alipitia Arusha. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa ninyi wanafunzi wa sheria, kwa sababu hadithi hii haisimuliwi sana kwetu na kwa kweli ni yetu.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Umoja wa Mataifa uliunda mahakama, ikaketi Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ile ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Na ilikuwa mara ya kwanza kusemwa kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutenda mauaji ya kimbari. Kina mama wa Taba walisafiri mpaka Arusha, wakasimama mbele ya wageni, wakasema waliyotendewa. Sheria ile inayofundishwa leo vyuo vikuu vyote ilitoka vinywani mwao.

Miongoni mwa wanasheria waliofanya kazi upande wa mashtaka Arusha kwa miaka mingi alikuwa Mgambia, Abubacarr Tambadou. Gambia ni nchi ndogo, watu wake kama milioni mbili na nusu, na kwa miaka 22 ilikuwa chini ya Yahya Jammeh, ambaye watu walipotea mikononi mwake. Jammeh alipoondoka mwanzoni mwa 2017, Tambadou akarudi kwao kuwa waziri wa sheria. Mei 2018 kulikuwa na mkutano wa nchi za Kiislamu Bangladesh. Aliyepaswa kwenda alikuwa waziri wa mambo ya nje, hakuweza, akatumwa yeye. Akapelekwa kwenye kambi za wakimbizi wa Rohingya, Waislamu walio wachache nchini Myanmar, kule Cox’s Bazar. Zaidi ya watu 700,000 walikuwa wamekimbia Myanmar tangu Agosti 2017, vijiji vimechomwa, watoto wametupwa motoni, wanawake wamebakwa na askari. Tambadou alisema baadaye kwamba aliyoyasikia pale yalimkumbusha Rwanda. Aliyatambua kwa sababu alikuwa ameyasikia kwa miaka, pale Arusha, chini ya Mlima Meru.

Gambia ina nini na Myanmar? Hawapakani. Hawafanyi biashara ya maana. Hakuna Mgambia aliyeuawa kule. Wangeweza kutoa tamko la masikitiko wakarudi nyumbani, kama walivyofanya wengi wenye nguvu kuliko wao. Tarehe 11 Novemba 2019 Gambia iliishtaki Myanmar The Hague kwa kuvunja Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 1948. Naomba muikumbuke tarehe: 11 Novemba, siku ile ile ya Smith, miaka 54 baadaye. Sidhani kama walipanga. Mimi nilipoisoma nilisimama kwenye kiti.

Myanmar ilimleta Aung San Suu Kyi mwenyewe, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, aje kuitetea. Na moja ya hoja zao unaweza kuikisia hata kabla sijaitaja. Walisema: Gambia haikuumizwa na jambo hili, basi haina haki ya kushtaki. Yanawahusu nini?

Tarehe 23 Januari 2020 mahakama ilitoa amri za dharura za kuwalinda Warohingya, majaji wote kwa kauli moja. Na tarehe 22 Julai 2022 ikatoa uamuzi juu ya hoja ile. Majaji 15 kwa mmoja walisema kila nchi iliyotia saini mkataba ule ina haki ya kudai utekelezwe, iwe imeumizwa au haikuumizwa. Yanakuhusu kwa sababu uliahidi. Mlango uliofungwa mbele ya Ethiopia na Liberia mwaka 1966 ulifunguka mbele ya Gambia. Na Afrika Kusini, ile ile iliyokuwa mshtakiwa, ikiwa sasa chini ya watu ambao baadhi yao walisoma hapa Mazimbu, ilikwenda mahakama hiyo hiyo Desemba 2023 kuishtaki Israeli juu ya Gaza, ikapitia mlango huo huo.

Basi nchi ndogo inaweza? Inaweza. Nchi maskini inaweza? Inaweza. Tumeiona ikiweza.

Nimewasifu wengi, sasa lazima niseme na mengine, kwa sababu mtu mzima akisimama mbele ya vijana akawapa nusu ya hesabu anawaibia.

Mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kukutana Kampala, chini ya Idi Amin. Tanzania, Zambia na Botswana zikakataa kwenda. Serikali yetu ilisema wazi kwamba Afrika inapiga kelele Mwafrika akiuawa na Mzungu, na inanyamaza Mwafrika akiuawa na Mwafrika. Hilo ni la kujivunia. Lakini tusijidanganye kuhusu vita vya Kagera vilivyokuja baadaye. Tuliingia vitani kwa sababu tulivamiwa Oktoba 1978. Waganda waliokolewa Aprili 1979, na wanajeshi wetu walikufa kwa hilo, ila sababu ya kwanza ilikuwa ardhi yetu. Kuna tofauti, na anayefundisha historia aitaje.

Mwaka 1976 wanachama wa SWAPO waliouhoji uongozi wao, akina Andreas Shipanga, walikamatwa Zambia. Mawakili walipoanza kudai haki zao katika mahakama za kule, watu wale wakahamishiwa magereza ya Tanzania. Walikaa ndani mpaka 1978 bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Watu waliokimbilia kwetu kutafuta uhuru, nasi tukawafungia kwa niaba ya rafiki zetu. Nililijua hili nikiwa tayari mwalimu mzoefu, na siku ile sikuweza kuendelea na kipindi.

Na wakimbizi. Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Ngara ikawapokea. Tumewapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia kwao mwaka 1972, jambo ambalo nchi tajiri hazijathubutu. Lakini Desemba 1996 tuliwaambia Wanyarwanda karibu nusu milioni waondoke kabla mwaka haujaisha, na askari wakawasindikiza. Walikuwemo wauaji, ndiyo. Walikuwemo pia watoto na vikongwe walioogopa kurudi, na hakuna aliyewauliza mmoja mmoja.

Kwa nini nayataja? Kwa sababu Mwalimu na Kaunda wa Zambia na wenzao wa nchi za Afrika Mashariki na Kati walipotoa Azimio la Lusaka Aprili 1969, wakieleza kwa nini wanapinga ubaguzi wa kusini, walianza kwa kukiri kwamba hata wao ndani ya nchi zao hawajakamilika. Walikiri kwanza, ndipo wakadai. Ndiyo sababu walisikilizwa.

Sasa nimefika kwenye lililonileta.

Arusha kuna mahakama nyingine, na hii ni ya kudumu: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Afrika nzima ilikubali ikae Tanzania. Ni heshima kubwa, na naamini tulipewa kwa sababu ya Kongwa na Mazimbu na Njia ya Jehanamu. Ili mwananchi wa kawaida aweze kuishtaki serikali yake pale moja kwa moja, nchi yake lazima iwe imetoa tamko maalumu la kuruhusu. Tanzania ilitoa tamko hilo mwaka 2010. Watu wakaenda. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda na suala la mgombea binafsi, na mwaka 2013 mahakama ikampa haki. Walikwenda wafungwa, wengi mno, waliokuwa wamemaliza rufaa zote, wakaandika kwa mkono kutoka gerezani. Kesi za Watanzania zilikuwa nyingi kuliko za nchi nyingine yoyote. Wengine waliona hiyo ni aibu. Mimi niliona ni ushahidi kwamba mlango ulikuwa wazi kweli.

Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lile.

Novemba 2019! Rudini na mimi. Mwezi ule ule ambao Gambia ilibisha hodi The Hague kwa ajili ya watu wa Myanmar, sisi tulifunga mlango wa mahakama iliyo Arusha dhidi ya wananchi wetu wenyewe. Na Gambia, baada ya Jammeh, ilitoa tamko hilo hilo la kuwaruhusu raia wake waje kuishtaki hapa kwetu. Mgambia anaweza kufunga safari kutoka Banjul mpaka Arusha akasikilizwa. Mtanzania wa Ngaramtoni anaweza kutembea kwa miguu mpaka getini, asiwe na pa kuingilia.

Nimesikia wanaosema mahakama ile inaingilia mambo yetu ya ndani. Wazee wangu, maneno hayo mmeyasikia wapi? Aliyasema Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini ya ubaguzi. Aliyasema Smith. Aliyasema Amin. Tulisimama kwenye kila jukwaa la dunia tukawajibu kwamba mtu akiteswa si jambo la ndani. Tutamwambia nani hivyo leo, na yeye asituonyeshe Arusha kwa kidole?

Sisemi haya kwa chuki na nchi yangu. Baba yangu alitia saini karatasi za mizigo kwa mkono wa vidole vitatu mpaka alipostaafu, na sikumsikia hata siku moja akisema alijuta. Nataka vidole vile viwe vimekatika kwa jambo lililo hai.

Wanafunzi wa sheria wameandaa barua kwenda kwa Waziri wa Katiba na Sheria, na nakala kwa wabunge wetu wa mkoa huu. Ni ukurasa mmoja. Inaomba jambo moja: tamko la 2010 lirudishwe. Iko mezani karibu na mlango, na kalamu nimeleta tatu. Asiyetaka kutia saini hatalaumiwa na mtu, ila aisome.

Nimemaliza yangu. Kuna mzee wetu kule nyuma, mwenye kofia, ameinua mkono tangu nilipoitaja Kongwa. Mzee, shikamoo. Tuanze na wewe.